Zamu Katika Ghala la Kajiru

Mkulima mmoja wa tangawizi huko milimani Upare, jina lake Kajiru, alikuwa na maghala mawili. Moja lilimtosha. La pili lilikaa bure, limejaa magunia matupu na panya, hadi Bi Nakundwa aliporudi kijijini. Huyu alikuwa nesi kwa miaka thelathini, akastaafu, lakini hakuweza kukaa kitako huku majirani wakishuka mlima kwa miguu saa nne nzima kutafuta dawa ya kikohozi. Akamwomba Kajiru lile ghala. Kajiru akampa siku ileile, kwa moyo mweupe, bila sharti lolote.

Jumamosi ya kwanza walikuja wagonjwa saba. Bi Nakundwa aliwapima presha akiwa ameketi juu ya gunia, kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja naye alimwachia mgonjwa. Jumamosi ya pili seremala aliyetibiwa jipu alileta benchi. Mwalimu mmoja mstaafu akaja kuandika majina, maana mwandiko wa nesi aliweza kuusoma nesi mwenyewe tu. Akina mama wakachota maji, wakapiga deki. Baadaye daktari mmoja wa mjini akapata habari, akaanza kupanda na pikipiki kila wiki, begi la dawa mgongoni. Hakuna aliyelipwa, hakuna aliyelipishwa. Mwaka wa tatu watu walikuwa wanatoka vijiji vinne, na chumba bado kilinukia tangawizi, hata wenye mafua wakasema wanaanza kupona mlangoni.

Kajiru alifurahi sana. Kila Jumamosi alisimama barabarani akaitazama foleni, akasema moyoni, "Wote hawa nimewasaidia mimi." Lakini ndani hakuingia. Hakuwa anaumwa, angeingia kufanya nini?

Ikatokea jembe likamkata juu kidogo ya kifundo cha mguu. Akafunga kitambaa, akapuuza. Siku ya tano mguu ulikuwa umevimba hata kiatu hakiingii. Jumamosi akajikongoja hadi ghalani, akapita mabenchi yote bila kumwamkia mtu, akashika kitasa cha mlango wa kijichumba cha daktari.

"Baba, chukua namba kwanza," akasema Bi Nakundwa.

Akapewa kumi na tisa. Kumi na nane ilikuwa ya Mchome, jirani yake, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye tangu walipogombania maji ya mfereji. Mchome alikuwa amempakata mjukuu wake, mtoto anachemka kwa homa.

"Mimi nisubiri nyuma ya huyu? Ndani ya ghala langu?"

"Ghala ni lako, baba. Zamu ni yake."

Kajiru akaona aibu, na aibu ikageuka hasira. "Basi Jumamosi ijayo msije! Nalitaka ghala langu."

Mwalimu akaacha kuandika. Mama mjamzito aliyetembea tangu alfajiri akainamisha uso. Bi Nakundwa alimtazama Kajiru kidogo, kisha akaita namba kumi na mbili kwa sauti ileile ya siku zote.

Kajiru akageuka aende zake, lakini mguu uliomleta ulikataa kumrudisha. Hatua tatu tu, akaegemea ukuta, jasho linamtiririka. Hapo Mchome akajisogeza kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki kando yake. Akasukuma kikapu chake kwa unyayo, ili Kajiru apate pa kuuinulia mguu.

Kajiru akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu alitoe, akaliona ghala kutoka ndani. Akamwona daktari, aliyetoka kijichumbani mwake, akichuchumaa mbele ya mzee kiziwi, akirudia maelezo ya vidonge mara ya nne bila kuchoka. Akamsikia bibi mmoja aogopaye sindano akiwaambia akina mama wa deki, "Ningekuwa na meno, leo ningeng'ata mtu!" Kajiru akacheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Kisha mtoto wa homa akageuka usingizini, mkono wake wa moto ukaangukia juu ya mkono wa Kajiru, naye hakuuondoa. Namba kumi na nane ilipoitwa, yeye ndiye aliyepaza sauti: "Pisheni, pisheni, mtoto anaungua!"

Zamu yake ikafika. Bi Nakundwa akaosha kidonda taratibu, akakifunga.

"Jumamosi mtakuja?" Kajiru akauliza kwa sauti ya chini.

"Si umetukataza, baba?"

"Ule ulikuwa mguu unasema. Mimi sikusema kitu."

Bi Nakundwa akacheka hata mkasi ukamponyoka. Nje Mchome alikuwa bado anangoja, mjukuu mgongoni, dawa mkononi. Akampa Kajiru bega la kuegemea, wakapanda njia polepole, wakisimama kila penye jiwe la kukalia. Na kabla hawajafika nyumbani walikuwa wamekwisha kugawana siku za maji.

Nanyi mnaonisikiliza, najua wengi wenu mmetoa, tena kwa moyo mweupe. Lakini je, siku mtakapohitaji kupewa, mtakubali kukaa pamoja na wengine na kungoja?