Kuni Mbichi za Kambo Émérance

Simba anayenguruma huwaonya swala wakimbie. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Maana yake ni kwamba mwenye kutuliza moyo hukipata anachokitaka, na mwenye pupa hubaki na kelele zake. Watu wa Kasongo wameijua methali hii tangu zamani. Huisema kila siku, na kila siku huisahau. Zéphirin aliisahau mbele ya umati, mchana kweupe, juu ya keki ya Mzungu.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na kila shamba lilikuwa la pamba, upende usipende. Kijiji cha Zéphirin, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kasongo, kilikuwa na ngoma iliyoitwa Sikia. Babu yake marehemu ndiye aliyechonga gogo lake na kuiwamba ngozi. Mtoto akizaliwa, Sikia ilisema. Mtu akifa, Sikia ilisema kabla machozi hayajafika mashavuni.

Desturi ya mieleka ya huko ilikuwa hivi: kila mwezi wa saba, siku ya sikukuu ya Wabelgiji, bingwa wa kijiji hicho alikutana na bingwa wa Kabambare. Ngoma ya aliyelazwa chali ilikwenda kwa mshindi mwaka mzima. Mwaka uliofuata aliyeshindwa alipewa nafasi moja ya kuikomboa. Akianguka tena, ngoma hairudi milele.

Zéphirin alikuwa na kifua kama mlango wa kanisa, lakini hasira yake ilikuwa mafuta ya taa: ukipita karibu nayo na kijiti kinachowaka, umekwisha. Mpinzani wake, Faradji wa Kabambare, alikuwa mwembamba wa mwili na mnene wa ulimi. Walipokumbatiana uwanjani Kasongo, Faradji alimnong'oneza, "Ngoma ya babu yako inalia kama mbuzi mwenye kuumwa tumbo."

Basi! Zéphirin akaona giza. Akahema kama fahali, akafumba macho, akavurumuka. Faradji alisogea hatua moja tu, kama mtu anayempisha mama mkwe. Zéphirin akapita kama lori lisilo na breki mpaka kwenye meza ya Mzungu wa serikali, akalala chali juu ya keki. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Sikia ikafungwa kamba, ikabebwa kwenda Kabambare.

Tangu siku hiyo kijiji kiliitana kwa kugonga beseni bovu. Mzee André alipofariki, beseni lililia vizuri tu, lakini nusu ya watu walidhani wameitwa karamuni, wakaja na sahani. Zéphirin aliwaona wamesimama mlangoni pa marehemu na sahani zao, akatamani ardhi immeze.

Aliyemwonea huruma, kwa namna yake, alikuwa bibi yake mzaa mama, Émérance, ambaye kwa usemi wa huko aliitwa Kambo. Bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu mume wake, humtukana apendavyo, na kati yao atakayekasirika hutozwa faini.

"Mume wangu," Kambo alimwita asubuhi moja ya masika, "njoo uniwashie moto."

Kuni zilikuwa mbichi, tena zimelowa. Zéphirin alijaza mashavu akapuliza kwa nguvu zote. Majivu yakamrukia machoni, moshi ukamkaba koo, na kaa la pekee likazimika.

"Kumbe iko hivi ulipigana na Faradji!" Kambo alicheka, akaleta kaa lingine kutoka kwa jirani. "Unapuliza kama unafukuza mwizi. Moto haiko mwizi. Ingiza pumzi kwa pua, polepole, mpaka tumbo ijae kama mutungi. Ikae kidogo. Halafu itoe kwa midomo midogo, kama mutu anapoza uji ya mutoto."

Zéphirin alifanya hivyo. Kaa likaona haya, likawa jekundu.

"Eee! Sasa usiache. Miye nitaongea tu." Naye akaanza. "Masikio yako hayo, mume wangu, wanawake wa soko wakiyaona watataka kufungia samaki. Mama yako alipokuzaa alikuangalia, akauliza kama hakuna ingine."

Zéphirin aliruka, akatupa ukuni nje.

"Umekasirika! Faini!"

Faini ilikuwa mtungi wa maji kutoka mtoni, kichwani juu ya ngata, kama mwali aliyeolewa juzi. Huko mtoni kulikuwa na Victorine, aliyekuwa na mdomo usiojua likizo. "Bibi arusi!" alipaza sauti. "Leo umechelewa, mume wako atakula nini?" Zéphirin alijibu kwa hasira, maji yakamwagika, ikabidi arudi kuteka upya.

Mwezi wa kwanza wa mafunzo hayo mtungi wa Kambo haukukauka hata siku moja. Mwezi wa pili alibeba mara tatu. Mwezi wa tatu Kambo alitukana mpaka akaishiwa na matusi ya Kiswahili, akaingia kwenye ya Kizimba, lugha ya kwao, na Zéphirin aliendelea kuvuta na kutoa pumzi huku moto ukiwaka bila moshi. Kambo akaguna. "Nimejiponza mwenyewe. Sasa nani atanichotea maji?"

Sikukuu ya mwezi wa saba ilipofika, walisafiri kwenda Kabambare juu ya lori la pamba, Kambo ameketi katikati ya magunia kama malkia. Mlangoni pa uwanja polisi aliwasimamisha. Aliishika barua ya njia ya Zéphirin, kile kibali cha kusafiri, juu chini, akaisoma kwa makini sana. Ghafla akamtazama usoni.

"Iko weye! Ule mutu wa keki!" Akamsukuma kifuani. Watu wakaangua kicheko. "Ingia ndani ule ingine!"

Ngumi ya Zéphirin ilijikunja yenyewe. Lakini akimpiga polisi, atalala gerezani, na Sikia itapotea kabla mieleka haijaanza. Alifunga mdomo. Akavuta kwa pua. Mtungi ukajaa, ukatulia. Akaitoa pumzi polepole.

"Ndiyo, bwana polisi, ni miye," akasema. "Kusema kweli, ilikuwa tamu."

Polisi akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akawapisha.

Firimbi ililia. Faradji alimkumbatia Zéphirin na bila kupoteza wakati akafungua duka lake. "Ngoma yenu? Sisi tunafugia kuku." Neno hilo lilimchoma, kwa maana babu yake aliichonga ngoma ile kwa mikono yenye vidonda. Zéphirin akaujaza mtungi, akautuliza.

"Na masikio yako," Faradji aliendelea, "ni makubwa."

Makubwa tu? Zéphirin alikumbuka samaki wa soko, kicheko kikampanda, kikamtoboa kifua, na pumzi yote ikamvuja. Kambo alikuwa amemfundisha kuzuia hasira, kicheko hawakukifikiria. Faradji akamkata mtama. Zéphirin akayumba, goti likagusa mchanga, mgongo ukabaki kiganja kimoja kutoka ardhini.

"Mutungi!" sauti ya kizee ilipasua umati. "Mume wangu, usimwage mutungi!"

Alivuta kwa pua, akiwa amepinda vile vile. Akatoa. Akavuta tena, na nguvu zikamrudia miguuni, akasimama polepole na Faradji akiwa bado amemng'ang'ania. Hapo ndipo alipogundua jambo: mwenzake alikuwa anahema. Aliyesema sana alikuwa ameitumia pumzi yake yote kwa maneno.

"Kasirika basi!" Faradji alifoka, jasho likimwingia machoni. "Weye ni mutu gani? Kasirika!"

Naye akamwachia, akarudi nyuma, akafumba macho, akavurumuka. Zéphirin akasogea hatua moja tu, akamshika kiuno katikati ya mbio, akamlaza chali taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Sikia ililetwa ikiwa imelalia ubavu. Ndani yake mlikuwa na manyoya, mavi ya kuku na yai moja. Kumbe halikuwa tusi, ilikuwa habari! Vijana wa Kasongo wakashika fimbo, wa Kabambare wakashika zao, wote wakimtazama yeye. Zéphirin alisimama, mkono juu ya ngozi aliyoiwamba babu yake. Alivuta pumzi ndefu kuliko zote za siku hiyo. Kisha akalitoa lile yai, akampa Kambo kwa mikono miwili.

"Kambo, ngoma yetu haikukaa bure ugenini. Imezaa."

Fimbo zilishuka zenyewe kwa vicheko. Faradji, angali mavumbini, akauliza, "Ulitumia dawa gani?"

"Kuni mbichi," Zéphirin akamjibu, akampa mkono amwinue. Faradji mwenyewe ndiye aliyeisafisha ngoma kabla ya kuipandisha kwenye lori.

Waliporudi, Sikia ilisema kutoka ukingo wa kijiji, na hakuna aliyekuja na sahani. Jioni hiyo Kambo alilikaanga lile yai kwa moto usio na moshi, akamkatia mume wake nusu iliyo kubwa. Mwenye kunguruma alilala na vumbi mgongoni, na mwenye kupumua alilala ameshiba. Kwa hiyo hukumu ni ile ile: simba mwenda pole ndiye mla nyama.