Wimbo wa Waliofukiwa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mnaitikia kama watu wenye njaa. Paukwa!
— Pakawa!

Haya, sogeeni. Hadithi ya leo haina sungura, wala haiishii kwenye harusi.

Hapo kale, kale ya mababu wa mababu zetu, palikuwa na kijiji cha wachimba sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa miti iliyokufa zamani ukageuka jiwe udongoni. Uinue juani, utauona unang'aa kama asali. Sandarusi ilikuwa ya Jumbe. Mashimo yalikuwa ya vijana.

Chwi! Chwi! Jembe linashuka. Chwi! Chwi! Kijana anazama. Kiuno, kifua, kichwa, haonekani tena.

Asubuhi moja udongo ulikuwa umelewa mvua. Vijana wakasema, "Jumbe, leo shimo halifai."

Jumbe akasema, "Shimo halina meno. Ingieni."

Wakaingia. Chwi! Chwi! Mara, porooo... puu! Shimo likajifumba. Vijana watatu walikuwa chini.

Watu wakaja mbio na majembe. Jumbe akasimama mbele yao na mnyapara wake aliyeshika kiboko. Alijua maiti zikitoka pale, hakuna atakayeingia shimoni tena. Akasema, "Mnamfukua nani? Hamna mtu humo. Wale watatu wametoroka na sandarusi yangu. Atakayechimba hapa ni mwizi mwenzao. Atakayewalilia ni mwizi mwenzao."

Basi hapakuwekwa matanga. Akina mama walilia na upindo wa kanga mdomoni. Mnyapara mwenyewe, mmoja wa wale watatu alikuwa mwanawe wa kumzaa. Akanyamaza. Kiboko mkononi.

Mwingine aliyefukiwa ni Goha. Goha alikuwa na dada, jina lake Sikujua. Huyu Sikujua ndiye aliyekuwa akiwatungia vijana nyimbo za ngoma. Akitunga yeye, hata vikongwe hutikisa mabega.

Siku zikapita. Sandarusi ikajaa ghalani. Jumbe akatangaza ngoma, akamwambia Sikujua, "Nitungie wimbo wa kunisifu. Mpya."

Sikujua akasema, "Ndiyo, Jumbe." Angesema nini?

Lakini alikwenda kwa Bi Mwavita. Bi Mwavita alikuwa ajuza, mgongo umepinda, na ujanani mwake ndiye aliyeongoza vilio vya kijiji kizima. Walimkuta anasuka ukili. Nasema walimkuta kwa sababu Sikujua alikwenda na Mwinshehe, mpiga ngoma, rafiki yake Goha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Semeni."

Mwinshehe akasema, "Bibi, tumeambiwa tumsifu Jumbe. Mimi nataka tumtukane. Nimeshatunga." Akaimba. Jumbe fisi, Jumbe kunguru, Jumbe tumbo la chatu.

Bi Mwavita akacheka kidogo. "Tusi ni tamu. Lakini Jumbe naye anajua kutukana, na ana kiboko. Mkimwita fisi atawapiga, na watu watasema mlimkosea adabu. Wewe je, Sikujua?"

Sikujua akaimba wa kwake. Alikuwa amemtungia Goha kwa siri. Goha mwezi wa kumi na nne, Goha lulu ya bahari, Goha simba wa nyika. Sauti yake ikatetemeka vizuri.

Bi Mwavita akaendelea kusuka. "Mjukuu wangu, huyo unayemwimba simjui. Mimi namjua Goha mwenye matege, aliyekuwa akiniibia mihogo. Asubuhi ile alipotoka nyumbani, alisema nini?"

"Hakusema kitu, Bibi."

"Hakuna mtu anayetoka bila kusema kitu."

Sikujua akainama. "Alisema, Sikujua, niwekee ukoko wa wali. Usimpe mtu."

"Ukamwekea?"

"Nilimwekea. Nikaufunika kwa kawa." Hapo akalia. "Bado uko pale, Bibi. Umeota ukungu. Nashindwa kuutupa."

"Basi imba hilo."

"Ukoko si wimbo, Bibi!"

"Imba."

Akaimba. Mara ya kwanza haukukaa. Mara ya pili ukakaa:

*Goha kasema, niwekee ukoko,*
*Nimeuweka, nimeufunika kawa.*
*Mwenye kutoroka haagizi chakula,*
*Mwenye ukoko yu wapi?*

"Mstari wa tatu utoe," akasema Bi Mwavita.

"Lakini huo ndio unaomsuta Jumbe!"

"Utoe. Waache wenyewe walifikirie. Neno mtu alilolifikiria mwenyewe, hakuna wa kumnyang'anya. Na pale ulipoutoa, pawe wazi. Mwingine atataka kumtia mtu wake."

Siku ya ngoma ikafika. Jua la alasiri, watu tele. Jumbe kitini, mnyapara ubavuni. Mwinshehe akapiga, ndu, ndu, ndu, taratibu kama moyo. Sikujua akaimba ukoko wake.

Safari hii hakuna bega lililotikisika.

Akaimba tena. Mwanamke mmoja akasogea mbele, mama wa yule kijana wa tatu aliyefukiwa. Akaimba kwa sauti mbovu, "Wangu kasema, mama nishonee kikoi. Nimekishona, nimekikunja. Mwenye kikoi yu wapi?" Umati wote ukaitikia, "Yu wapi?" Na mzee mmoja akapaza sauti, "Jamani, mtu anayetoroka anaagiza nguo?"

Jumbe akasimama. "Mimi niliagiza sifa. Nani ametunga wimbo huu?"

Sikujua akafungua mdomo. Lakini Bi Mwavita alikwisha kutokeza, na mkongojo wake. "Mimi."

"Bibi..."

"Nyamaza, mtoto. Tangu lini wewe ukajua kutunga kilio?"

Jumbe akamwambia mnyapara, "Mpige."

Chwa! Bi Mwavita akapiga magoti. Chwa! Akalala kifudifudi. Sikujua akamkimbilia, akasukumwa. Bi Mwavita akainua uso wenye vumbi, akamtazama mnyapara. Hakumlaani. Akamwuliza, "Na wako, baba? Wako asubuhi ile alisema nini?"

Chwa!

"Alisema nini?"

Kiboko kikapanda juu. Hakikushuka. Kikamponyoka mnyapara, kikaanguka. Akasema, na watu wote wakasikia, "Alisema, baba, shimo limelowa, niombee ruhusa kwa Jumbe. Nikamwambia, nenda."

Akaketi chini kama mtoto.

Hapo hakuna aliyemngoja Jumbe tena. Wakachukua majembe. Chwi! Chwi! Wakafukua mpaka machweo. Wakawatoa wote watatu. Goha alikuwa amemshika mwenzake mkono. Jumbe alikwenda njia yake na watu wa nyumba yake, na hakuna aliyemwuliza aendako. Sandarusi ikabaki ghalani. Hakuna aliyeitaka.

Wakazikwa. Matanga yakawekwa. Lakini Bi Mwavita alikuwa hajanyanyuka kitandani. Mifupa ya kizee haistahimili kiboko. Akafa wakati bado wenye matanga hawajatawanyika, wakaongeza kaburi la nne.

Vijana wakamwambia Sikujua, "Mtungie Bibi wimbo." Akajaribu. Mwezi haukufaa, lulu haikufaa. Mwishowe akasimama mbele ya watu, akasema bila ngoma, "Wimbo ule niliutunga mimi. Viboko vilikuwa vyangu. Bibi akasema ni vyake."

Ndivyo alivyoimbwa Bi Mwavita kijijini pale, kwa maneno hayo hayo, hayakuongezwa pambo.

Enyi mnaotunga nyimbo, sikieni. Sauti tamu huwachezesha watu, na tusi huwachekesha. Lakini wimbo wenye nguvu ni ule uliosema lililotokea, likatajwa jina la mtu na neno lake. Na kabla hujauimba, jua mgongo wa nani utaulipia.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye lake naye aseme.