Pimbi, Kiboko na Masomo Mawili ya Pamoja

Wenye masikio, mpo?

— Tupo, tumeyatega!

Nimwage?

— Mwaga, tukinge!

Alikuwapo Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, anasoma hesabu Chuo Kikuu cha Mbugani. Kila mwaka wanafunzi huchagua masomo mawili ya kusoma pamoja, na jina likishaandikwa halifutwi.

Shida ilikuwa Kiboko. Hajui kuchagua, anajua kunyang'anya. Swala akitaka Jometri, Kiboko anaitaka Jometri. Nyani akitaka Kalkulasi, Kiboko anaitaka Kalkulasi. Akiingia darasani, pu! anakalia madawati sita, wengine wanabaki nje. Mwaka uliopita Pimbi alisomea dirishani, ubao hauoni, akafeli. Akifeli tena, anafungasha virago anarudi kwao maweni.

Basi akakaa akawaza. Akaona yanayomfaa ni Matriki na Takwimu, maana anachojifunza asubuhi kwenye Matriki, alasiri kitamsaidia kwenye Takwimu. Lakini atayapataje, na Kiboko yuko mlangoni pa ofisi, pua juu, ananusa fomu ya kila mtu?

Tifu, tifu, tifu. Pimbi akapita, fomu kaibana kwapani.

"We kadogo! Unachukua nini?"

"Shikamoo, kaka. Bado sijaandika."

"Marahaba. Niambie masomo matamu ni yapi, upesi!"

"Matamu siyajui, kaka. Najua tu kwamba Nungunungu mwaka jana alichukua Topolojia na Uchambuzi pamoja. Hata kula alisahau."

"Alisahau kula!"

"Na kulala."

Kiboko akameza mate, gulu! "Huko Topolojia kuna nini?"

"Siku ya kwanza mwalimu anaanza na donati na kikombe."

"Donati ngapi?"

"Hilo sikuuliza, kaka."

Kiboko hakungoja. Akaingia ofisini, mlango kwaa! "Niandike Topolojia! Niandike Uchambuzi!"

Korongo mwandishi akamtazama juu ya miwani. "Yote mawili? Pamoja?"

"Pamoja!"

Kwaru, kwaru, jina likaandikwa. Pimbi akangoja vumbi litulie, naye akaingia, akaandika Matriki na Takwimu.

Jumatatu mwalimu wa Topolojia akachora ubaoni donati, akachora na kikombe chenye mkono. "Kila kimoja kina tundu moja tu. Thibitisheni kwamba hivi viwili ni kitu kimoja."

Kiboko akanyoosha mkono. "Mwalimu, chai inakuja saa ngapi?"

Haikuja. Yalikuja mazoezi arobaini, na Uchambuzi nao ukaleta arobaini yake. Mwezi haujaisha, Kiboko hali, halali, amekonda mpaka anaenea kwenye dawati moja. Pimbi alikaa mbele kabisa, ubao wote wake, akafaulu Matriki, akafaulu Takwimu. Siku moja akamkuta Kiboko analia juu ya daftari, akamwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Ngano yangu naitua hapa, anayeitaka ajitwike. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenzenu akiwauliza habari za masomo, mwambieni ukweli mtupu kama Pimbi, kwani msema kweli hajamdhuru mtu tangu dunia iumbwe.