Taa ya Makaa, Jiwe na Uji wa Muhogo

Sogeeni karibu, na asiyeamini ameze mate kwanza.

Huko Mkanyeni kulikuwa na wanawake watatu, na dunia haijazaa tena wa mfano wao.

Mbeyu alichoma makaa ya vifuu vya nazi. Makaa yake yalikuwa na vitundu vidogo hata sisimizi angeomba njia akanyimwa. Kijiko kimoja kilimeza ndoo ya maji kikabaki kikavu. Lakini Mbeyu alikuwa amezika watoto wake wote, na jambo moja lilimnyima usingizi: akifa, hakuna atakayeitwa Mbeyu.

Nyevu alichimba mawe meusi mlimani, mazito hata punda wakimwona huanza kuchechemea. Akiyasaga, unga wake ni laini kuliko poda ya bibi harusi.

Umazi ni fundi wa redio. Redio iliyokufa enzi za babu yake, akiigusa tu, inasoma habari na kuomba radhi kwa kuchelewa.

Masika ile mvua ilinyesha mpaka bata wakatafuta mwavuli. Betri za zahanati zikafa, maana zilitaka jua la kutwa. Hapo Sidi, mjamzito wa pale kijijini, akashikwa na uchungu, chumba giza tupu kwa mawingu, damu inamwagika. Mkunga akasema hawezi kushona asichokiona.

Umazi, akitafuta chombo cha kudaka umeme wa jua upesi, akapaka unga wa Nyevu kwenye vipande vya sufuria, akaviloweka maji ya chumvi. Umeme mchache wa paneli za zahanati ukaingia kwa kujikokota. Akajaribu makaa ya Mbeyu; ukaingia mbio, ukatoka mbio.

"Makaa yako, dada, kama mume wangu na mshahara," Nyevu akasema.

"Na jiwe lako kama wewe harusini. Haliingii mpaka livutwe mkono."

Umazi akavichanganya vyote viwili, akavigandisha kwa uji wa muhogo, akatia kitambaa katikati. Jua likachungulia muda wa kumenya ndizi moja. Chombo kikashiba. Taa ikawaka, majogoo wa vijiji saba wakawika wakidhani kumekucha. Mtoto wa kike akatoka, mama akashonwa, akapona.

Sasa, Sidi alikuwa ameapa kwamba aliyeleta mwanga ndiye atakayekuwa wajina wa mtoto. Na kwao mtoto ana jina moja la kuitikia, haligawanywi.

Umazi akadai bila mikono yake makaa yangebaki makaa na jiwe jiwe. Nyevu akadai mwanga ulidumu kwa unga wake. Bila unga huo taa ingezimika kabla kichwa cha mtoto hakijatoka. Mbeyu alikuwa ameinama, kidole chake kimeshikwa na mtoto.

"Jua lilipita mara moja," akasema. "Makaa yangu ndiyo yaliyolidaka."

Wote watatu wamesema kweli, na Sidi anajua. Mtoto yuko mapajani, hajaitwa lolote.

Haya, nyinyi mliokaa hapo: mkiambiwa mwiname sikioni mwake, mtamnong'oneza jina la nani?