Mteremko Haujui Mkwe

Mteremko haujui mkwe. Asubuhi mmelisikia neno hilo kwa shangazi yenu, mkacheka, mkauliza mteremko na ukwe vimekutana wapi. Vilikutana kwenye baiskeli, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Huko milimani Usambara kijana mmoja, Hoza, alimwoa binti wa Mzee Shekalaghe. Siku yake ya kwanza kwenda ukweni wageni wakafurika, mchele ukaonekana hautatosha. Mzee akatoa baiskeli yake stoo, akasema, "Mkwe wangu, hebu shuka sokoni utuongezee mchele. Baiskeli hii hapa, ni kama yako."

Sasa adabu ya ukweni mnaijua. Ukipewa kitu na baba mkwe unapokea kwa mikono miwili, hukigeuzigeuzi kama mnunuzi wa mbuzi. Kwao, Hoza hapandi baiskeli kabla hajabonyeza breki, akapapasa tairi na kutazama mnyororo. Siku hiyo aliona haya. Mzee si atasema, huyu anadhani nimempa kibovu? Hata kofia ngumu iliyokuwa imetundikwa kwenye usukani aliiacha hapo hapo, maana mbele ya mkwe mtu huvua kofia, havai.

Mkewe, Mwanjaa, alikuwa uani akipepeta mahindi. Akaweka ungo chini, akamfuata hadi langoni.

"Hoza, breki umeziangalia?"

"Sema polepole, baba anasikia."

"Asikie. Na hiyo kofia, unaipeleka sokoni ikauzwe?"

"Mwanjaa, usiniaibishe kwenu."

"Aibu ni yako peke yako. Hicho kichwa ni chetu wawili. Vaa, ama nijilaze hapa njiani wageni wote watoke waje kutazama."

Akavaa, akafunga ukanda chini ya kidevu, uso ameuinamisha. Breki hakuzigusa.

Njia ile huanza kuporomoka nje tu ya lango. Kwenye kona ya kwanza Hoza alibonyeza breki, wapi. Raba zilikuwa zimekauka na kupasuka kwa kukaa stoo, hazishiki kitu. Baiskeli ikaruka ukingo, naye akatangulia kwa kichwa kwenye jiwe.

Walimkuta ameketi chini, mkono umevunjika, kofia imepasuka vipande viwili. Kichwa kizima. Na bado alikuwa akimwomba mzee radhi kwa kuharibu baiskeli.

Mzee Shekalaghe akachuchumaa mbele yake. "Baiskeli gani hiyo unayoililia? Miaka sijaipanda, ningejuaje raba zimekufa? Ungebonyeza pale uani tungeona wote, tungemwita fundi."

"Niliogopa utaona nakudharau, baba."

"Mwanangu, mimi najua wewe ni mkwe wangu. Mteremko haujui."

Mkono wa Hoza uliunga. Na tangu hapo, kule kwao, anayeazima baiskeli huikagua mbele ya mwenyewe, na mwenyewe humshikia akague vizuri.

Basi nanyi, akikupeni baiskeli mjomba, akikupeni mwalimu, hata akikupeni shehe, shukuruni. Kisha bonyezeni breki, minyeni tairi, tingisheni usukani, fungeni kofia. Atakayenuna, acheni anune, jioni atawaona mmerudi. Mteremko haujui mkwe.