Asiyechechemea

Chuo kimoja cha nyanda za juu kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu, na timu ilikuwa na mtunza viungo wake, msichana aliyeitwa Atupele. Alikuwa ameisomea kazi hiyo chuo kikuu, ingawa mama yake, akiulizwa na majirani, alijibu kwa kifupi kwamba mwanawe anafunga watu bendeji. Mambo yalianza Jumanne ya pili ya Mei, saa nne na robo asubuhi, pale mkuu wa chuo alipochungulia chumbani kwa Atupele na kumkuta anakunja bendeji hizo. Mgonjwa hakuwepo hata mmoja.

Mkuu akastaajabu. Tangu mwaka uanze hakuna mchezaji aliyeteguka wala aliyetolewa uwanjani mgongoni kwa mwenzake. "Sasa binti yangu," akauliza, "kama hawaumii, wewe hapa tunakulisha kwa kazi gani?" Akasema Ijumaa atakwenda mazoezini kujionea mwenyewe, kisha ataamua kama chumba kile kibaki cha Atupele au kirudi kuwa stoo ya viti.

Atupele alikuwa mtu wa wasiwasi, wa kurudi mlangoni kuhakikisha kuwa kufuli aliyoifunga imefungwa. Kila siku aliwapashisha vijana misuli moto mpaka wakamnung'unikia. Aliokota uwanjani kila kokoto, na aliyeacha kamba za viatu zikiburuzika alimfukuza kama mwizi. Ndiyo maana hawakuumia. Lakini jambo ambalo halikutokea utamwonyesha nani? Mlinzi ambaye nyumba yake haijaibiwa huonekana anakula mshahara wa usingizi.

Wachezaji walimpenda, kama watu wanavyompenda anayewasumbua kwa faida yao. Nahodha wao, Ambakisye, akawakusanya nyuma ya jiko la chuo. "Mkuu anataka wagonjwa? Tumpe wagonjwa. Ijumaa kila mtu achague mguu wake."

Ijumaa mkuu alifika akitembea wima, polepole, kama aliyebeba mayai ndani ya soksi. Uwanja ulikuwa umegeuka wodi. Ambakisye alikuwa amekumbatia nguzo ya kikapu akilalamikia goti. Wa pili alichechemea mguu wa kulia alipokwenda kuchukua mpira, na wa kushoto alipourudisha. Wa tatu alijifunga bendeji kichwani, akalalamika tumbo. Ni Lwitiko peke yake, mfungaji wao hodari, aliyesimama kama askari wa gwaride. "Sijambo, Mkuu," akasema kabla ya kuulizwa. "Sijambo kabisa."

Mkuu akawatazama, uso ukamkunjamana, akamgeukia Atupele. "Kumbe! Tangu Jumanne najiuliza kama una kazi. Kazi unayo, ila umeshindwa. Timu yote imelemaa mikononi mwako!"

"Mimi nimeshapata nafuu, Mkuu!" Ambakisye akapaza sauti, akiachia nguzo. "Labda hawa wenzangu."

Atupele akaona amebanwa kote. Akisema ni wagonjwa, ameshindwa kazi. Akisema ni wazima, hana kazi. Na juu ya hayo yote kulikuwa na jambo lililomkera kuliko stoo ya viti: walikuwa wanachechemea vibaya. Mwenye goti bovu hukwepa kulikunja, na Ambakisye alikuwa akilikunja kama anayepanda mnazi. Akawapita mmoja mmoja, akasimama mbele ya Lwitiko. Gwaride lile lilikuwa limeegemea mguu mmoja tu, na jasho lilimtoka juu ya mdomo ilhali hakuwa amekimbia.

"Mkuu, hawa wote ni wazima," akasema. "Mgonjwa ni huyu asiyechechemea."

"Dada Atu, tafadhali!" Lwitiko akanong'ona. "Kesho ni fainali."

Alipomvua kiatu, kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama boga. Alikuwa ameteleza jana yake kwenye ngazi za bweni, mahali ambapo Atupele hakuwa na mamlaka ya kuokota kokoto, naye akaficha ili asizuiwe kucheza. Kusikia hivyo, vilema wote wakaja mbio kumbeba. Aliyefungwa kichwa ndiye aliyetangulia.

Mkuu aliiacha habari ya chumba bila kuamua. Aliondoka vilevile alivyokuja, wima, polepole. Atupele akaitazama miguu yake ikienda zake, akakiona alichokiona, akaogopa kumwuliza.

Kesho yake asubuhi Atupele alimkuta mkuu mlangoni pa chumba chake, amenyooka kuliko nguzo ya kikapu. "Nimekuja kwa habari ya chumba tu," mkuu akasema, akiutazama ukuta. "Mimi mwenyewe sijambo." Atupele akafungua kufuli, akamsogezea kiti, akapiga magoti, akaanza kulegeza kamba za kiatu chake.

Nawe unayejibu "sijambo" kila ukiulizwa, utamruhusu nani akuvue kiatu?