Watatu wa Mteremkoni na Jina Moja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Kusimulia nitasimulia mimi, ila hukumu mtaitoa ninyi, maana mimi imenishinda.

Kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, ile ya malori, palikuwa na kijiwe cha bodaboda chenye vijana watatu waliosifika.

Asajile alisifika kwa macho. Kona ya kushoto hakuikumbatia. Alikaa upande wa kulia wa njia yake, bila kuugusa mstari wa katikati, ili ayaone ya mbele kabla hayajamfikia.

Gwakisa alisifika kwa mikono. Alishika breki kwa utaratibu hata abiria asijue mwendo umepungua saa ngapi.

Mbwiga alisifika kwa msimamo. Wengi hujibana ukingoni mwa lami wakidhani ndiko kwenye usalama. Yeye alikaa katikati ya njia yake. "Ukijibana," alisema, "dereva wa nyuma anaona nafasi ya kukupita, hata kama haipo. Bora anione mimi."

Siku moja mchana alifika kijiweni mwanamke aitwaye Subilaga, mjamzito wa miezi minane, macho yamemvimba kwa kulia.

"Dada, kwa hali hiyo upande pikipiki?" Gwakisa alimuuliza. "Subiri gari."

"Nimesubiri tangu asubuhi, kaka. Mama yangu anazikwa saa kumi, ng'ambo ya mteremko. Sina mama mwingine wa kumzika."

Watatu wakatazamana. Asajile akavaa kofia yake ngumu. "Nitatangulia," akasema. Mbwiga akawasha pikipiki yake. "Nami nitakaa nyuma." Wakaondoka hivyo: Asajile mbele, Gwakisa katikati amempakia Subilaga, Mbwiga nyuma yao.

Mteremkoni, kwenye kona ya kushoto, lori fulani lilikuwa limemwaga dizeli. Asajile, kwa vile alikuwa amekaa kulia, aliuona mng'ao wake mapema. Akanyoosha mkono, akaonyesha chini mara mbili, akapunguza mwendo. Angeikumbatia kona ile, wote watatu wangeingia kwenye dizeli kwa kasi, na pengine hadithi ingeishia hapo.

Gwakisa aliuona mkono. Kushoto kulikuwa na kingo za chuma, kulia malori yanapandisha. Pa kukwepea hapakuwepo. "Dada, nishike kiunoni, usiegemee popote," alisema. Hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akashusha miguu yote miwili, akaipitisha pikipiki kwa mwendo wa kobe. Mara mbili gurudumu la nyuma liliteleza, mara mbili akalirudisha. Subilaga hakuanguka.

Lakini mwendo wa kobe mteremkoni ni hatari nyingine. Nyuma yao lilikuja lori lenye tela, likipiga honi kutaka kupita. Mbwiga alitazama kioo chake, akatazama mbele, akaona dada bado yumo ndani ya dizeli. Hapo alipokuwa, ukingoni palikuwa na upenyo wa kutosha pikipiki moja. Hakuuingia. Alibaki katikati, akiwasha na kuzima taa ya breki, mkono mmoja juu. Dereva alipofahamu kwamba mtu huyu hatoki, alifunga breki zote. Lori lilisimama hatua chache kutoka kwa Subilaga, ila lilikuwa limekwishamgonga Mbwiga.

Subilaga alifika msibani jioni, kaburi limeshafukiwa. Mbwiga alikatwa mguu chini ya goti.

Siku tisa baadaye Subilaga alijifungua mtoto wa kiume. Akatangaza kwamba mtoto atabeba jina la aliyemwokoa. "Majina matatu hapana," alisema shangazi yake, Tupokigwe. "Mtoto akiitwa mara tatu hajui aitike wapi. Chagua mmoja."

Wakakutana nyumbani kwa Mbwiga, ambaye bado alikuwa kitandani.

"Mpeni Mbwiga," alisema Asajile. "Mimi sikutokwa hata na tone la damu."

"Lakini bila mkono wako nisingejua chochote," Gwakisa akajibu. "Na mimi msinihesabu. Abiria alikuwa wangu. Kumfikisha ni wajibu wangu."

"Wajibu!" alisema Subilaga. "Kaka Gwakisa, mimi ndiye niliyekuwa nyuma yako. Niliihisi pikipiki inakwenda chini, nikaihisi inarudi. Wangapi wangeirudisha?"

Shangazi akamgeukia Mbwiga. "Nawe mwanangu, wasemaje?"

Mbwiga akajiinua kidogo kitandani. "Shangazi, msinipe jina kwa kuuonea huruma mguu wangu. Hata ningebaki na miguu yote miwili, ningekuwa nimefanya lile lile. Pimeni tulichofanya, si tulichopoteza."

Subilaga alimtazama mtoto, kisha akawatazama wale watatu, mmoja mmoja.

Haya, wenzangu. Bila macho, mikono isingejua. Bila mikono, msimamo usingekuwa na wa kumlinda. Bila msimamo, macho na mikono vingekuwa kazi bure. Mtoto yuko mapajani, na watu wanangoja.

Ungekuwa wewe ndiye Subilaga, ungemwita nani?